Mipigo Miwili au Mipigo Minne?

Mtu akipita miaka sabini, jamaa humtarajia aketi barazani, asalimiwe, asimulie ya kale, na akitaka kwenda mahali apelekwe. Mimi nina miaka sabini na minne. Baraza ninayo hapa Rusimbi, tena iko chini ya mwembe wenye kivuli kizuri, na wajukuu wa kunisalimu wapo. Hata hivyo, asubuhi moja mwaka jana nilijikuta nimesimama uani mbele ya pikipiki mbili, mkono kiunoni, nashindwa kuamua jambo ambalo kijana angeliamua kabla chai haijapoa.

Pikipiki ya kwanza ilikuwa yangu ya miaka mingi, Yamaha DT 125, niliyoinunua mwaka 1989 katika mnada wa vifaa vya mradi uliokuwa umekwisha. Injini yake ni ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi wetu huiita tustroki. Ya pili ilikuwa Boxer iliyotengenezwa India, ya mipigo minne, ambayo mwanangu aliiacha alipohamishiwa kazini Tabora. Aliniambia kwa simu, "Baba, pikipiki mbili za nini na mpandaji ni mmoja? Chagua moja, nyingine tuiuze." Mke wangu alikuwa karibu, akasikia, naye akatoa lake: "Mwambie auze zote mbili."

Sikumjibu mke wangu, kwa maana nilijua ana haki. Hapa nataka kueleza jinsi nilivyochagua. Lakini siwezi kueleza hivyo bila kusimulia injini hizi mbili zilitoka wapi na zilifikaje kwetu, wala bila kusema jambo moja nililolificha kwa miaka thelathini na mitatu.

Niruhusu kwanza, msomaji, nishike chaki kidogo. Ndani ya injini mna silinda, nayo ni kama kinu. Ndani ya kinu hicho pistoni hupanda na kushuka kama mchi. Katika injini ya mipigo minne, mchi hushuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli. Hupanda na kuugandamiza. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka na kuusukuma mchi chini kwa nguvu. Kisha mchi hupanda tena na kutoa moshi nje. Katika mipigo minne, ni mmoja tu unaofanya kazi ya kusukuma gurudumu. Vali ndizo hufungua na kufunga milango ya kuingiza na kutoa.

Injini ya mipigo miwili haina vali hizo. Silinda yake ina matundu ubavuni, na pistoni yenyewe ndiyo huyafunika na kuyafunua ipandapo na ishukapo. Kuvuta na kugandamiza, kuwaka na kutoa moshi, yote hukamilika katika kupanda mara moja na kushuka mara moja. Kwa hiyo injini hii husukuma kila mzunguko, ilhali mwenzake husukuma kila baada ya mizunguko miwili. Ni nyepesi, ina vyuma vichache, na kwa ukubwa ule ule ina nguvu zaidi.

Basi kwa nini dunia nzima haikuichagua hiyo? Jibu liko katika oili. Injini ya mipigo minne ina akiba ya oili chini yake, nayo huzunguka ndani ikilainisha vyuma na kurudi. Ya mipigo miwili haina akiba hiyo. Mchanganyiko wake hupitia kwanza kwenye kikasha cha krenki kabla ya kupanda silindani, kwa hiyo oili hulazimika kusafiri pamoja na petroli, ilainishe njiani, kisha iungue yote. Ndiyo asili ya ule moshi wa buluu na ile harufu yake. Kila petroli inapotiwa, oili nayo lazima iwemo. Naomba hilo likumbukwe, maana habari yangu yote imesimama juu yake.

Kihistoria, mipigo minne ndiyo iliyotangulia kufaulu. Mjerumani Nikolaus Otto aliiendesha injini yake mwaka 1876. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, waliopata kufanya kazi katika kiwanda hicho hicho, waliifunga injini ya namna hiyo kwenye chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na vigurudumu vya kuegemea, na hiyo wengi huihesabu kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Wakati huo Mskoti Dugald Clerk alikuwa ameshaunda injini ya mipigo miwili, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mwingereza Joseph Day wa mji wa Bath akairahisisha mpaka ikabaki karibu na hii tuijuayo.

Iliyoieneza zaidi ni kampuni ya DKW katika mji wa Zschopau, Ujerumani. Pikipiki yao ya RT 125, iliyotoka mwaka 1939, ilikuwa rahisi na imara hata baada ya vita washindi wakauchukua mchoro wake. Waingereza wakatengeneza BSA Bantam, Wamarekani wakatengeneza Harley-Davidson ndogo, Warusi nao wakatoa ya kwao. Wajapani pia walijifunza humo: pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata mfano huo wa Kijerumani. Hivyo ile DT iliyosimama uani kwangu ni mjukuu wa Zschopau, ingawa jina lake ni la Kijapani.

Zschopau ilitoa na siri nyingine. Fundi mmoja wa huko, Walter Kaaden, aligundua kwamba bomba la moshi likitengenezwa na tumbo la kipimo sahihi, mawimbi ya moshi hurudi na kusukuma petroli isiyoungua irudi silindani, na nguvu ya injini huongezeka sana. Mwaka 1961 mpandaji wake, Ernst Degner, alikimbia Ujerumani Mashariki wakati wa mashindano nchini Sweden, akaenda Suzuki pamoja na maarifa hayo. Mwaka uliofuata Suzuki ilitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki ndogo za sentimita za ujazo 50, naye Degner akiwa mpandaji. Kila nikitazama lile tumbo la bomba la moshi la DT yangu namfikiria Kaaden, aliyebaki nyumbani akisikia mwenzake anashinda kwa kazi ya mikono yake. Kuna watu waliotendewa mabaya na rafiki, na dunia haikuwauliza neno.

Katika mashindano ya matopeni na milimani, yale yaitwayo motokrosi, hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Mwingereza Jeff Smith alikuwa bingwa wa dunia wa daraja kubwa mwaka 1964 na 1965 akipanda BSA ya mipigo minne. Kuanzia mwaka 1966 Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki akaupata ubingwa huo mara tatu mfululizo kwa CZ ya mipigo miwili, na kwa muda wa karibu miaka thelathini wepesi ulitawala. Ni mwaka 1998, Yamaha walipoleta YZ400F sokoni, ndipo mipigo minne iliporudi kwa nguvu, ikisaidiwa na kanuni zilizoiruhusu kuwa na injini kubwa kuliko ya mwenzake katika daraja lile lile.

Sasa turudi kwetu. Neno pikipiki ni la mlio. Aliyelitunga alikuwa na masikio mazuri. Nilipokuwa mtoto, mlio huo ukisikika kijijini tulijua ni padri au bwana wa serikali, na tulikimbilia barabarani kushangilia vumbi. Nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1973, mwalimu aliyekuwa na baiskeli alikuwa mtu. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kila kijiji kikawa kinahitaji shule na walimu. Shule ziliongezeka kuliko magari ya kuzitembelea. Ndipo kidogo kidogo, kupitia miradi na wafadhili, zikaonekana Yamaha DT, Suzuki TS na Honda XL. Mbili za kwanza zilikuwa za mipigo miwili. Honda ilikuwa ya mipigo minne, kwa maana mwenye kampuni, Soichiro Honda, tangu zamani alikuwa muumini wa mipigo minne.

Barabara zetu za wakati ule zilipenda wepesi. Kutoka ziwani, ambako ni mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, barabara hupanda kwenda Manyovu katika milima ya mpakani na Burundi, kwenye migomba na kahawa. Siku hizi ina lami. Wakati ule ilikuwa mawe, makorongo na tope jekundu, na pikipiki ikianguka unainua mwenyewe. DT ilikuwa na kilo mia moja hivi. Niliweza kuiinua, kuivusha kijito kwenye magogo mawili, na kuifungua injini yake kwa spana nne tu. Niliipenda kama mtu anavyompenda punda asiyemwangusha.

Tatizo lilikuwa oili. Mwaka 1964 Yamaha walibuni pampu ndogo inayochanganya oili yenyewe, na DT yangu ilizaliwa nayo. Lakini nilipoinunua pampu ilikuwa imekufa, na fundi aliiondoa. Ikabidi nichanganye kwa mkono. Kipimo changu kilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100: chupa mbili kwa lita tano za petroli. Katika miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na uhaba uliofuata, watu walikuwa wametia chochote kilichoteleza. Wengine walitia oili ya lori, ambayo ni nzito na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tabia ya uhaba ni ngumu kutoka, hata uhaba wenyewe ukiondoka.

Mwezi wa Agosti mwaka 1991 mimi na mwalimu mwenzangu tulikwenda Manyovu kwa mazishi ya mzazi wa mwalimu mmoja. Oili halisi ya tustroki wakati huo ilikuwepo madukani. Naomba nieleweke hapo: ilikuwepo, na pesa ya kuinunua ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini nilikuwa nadunduliza kununua mabati ya nyumba hii ninayokaa, na nilikuwa nahesabu kila shilingi. Nilikuwa na oili ya lori kidogo kwenye galoni. Nikatia chupa moja badala ya mbili, nikatikisa tangi, nikaomba Mungu.

Kupanda tulipanda salama, taratibu. Kurudi, kwenye mteremko mrefu, nilifunga mafuta ili niokoe petroli, nikaiacha pikipiki ijishukie. Leo najua nilichokifanya. Katika injini ya mipigo miwili, ukifunga mafuta mteremkoni gurudumu huendelea kuizungusha injini kwa kasi, lakini petroli haiingii ila tone, na oili inayosafiri ndani ya petroli nayo haiingii. Vyuma hukimbia vikavu. Pistoni hupata moto, hutanuka, na huishika silinda. Mpandaji mwenye akili huweka kidole kwenye klachi na kufungua mafuta kidogo kila baada ya muda, ili injini inywe. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo. Nilisikia mlio mkali kama wa kitambaa kinachochanika, gurudumu la nyuma likafunga, na tukaanguka.

Mimi nilichubuka viwiko. Mwenzangu mguu wake ulibaki chini ya pikipiki, ukavunjika mahali pawili chini ya goti. Wanakijiji walimbeba kwa machela ya miti mpaka kwenye lori lililokuwa limepakia kahawa. Mfupa uliunga, ila uliunga mfupi, na tangu siku hiyo anachechemea. Inafaa mjue kwamba alikuwa mwamuzi wa mpira, mwamuzi bora wa mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, katika wilaya yetu. Alikimbia na mpira kama kivuli chake, na watoto walimwogopa na kumpenda. Hakupuliza tena filimbi uwanjani.

Nilisema nini? Nilisema mashine za mnadani hazina uaminifu. Nilimwambia yeye, nikamwambia mkewe, nikawaambia walimu ofisini. Fundi alipofungua injini alikuta michirizi silindani na pistoni imeungua ubavuni. Alinyanyua macho akanitazama, nami nikatazama pembeni. Alisema tu, "Mwalimu, hii ilikuwa na kiu." Nililipa, silinda ikachongwa upya, na pistoni kubwa kidogo ikatiwa. Tangu siku hiyo sijawahi kupunguza oili hata tone moja. Lakini kutubu mbele ya injini si kutubu mbele ya mtu.

Sisi watu wa Kigoma tuna mfano mkubwa wa habari hii ya oili, nao ulielea bandarini kwetu kwa miaka mingi. Meli ya Liemba ililetwa na Wajerumani ikiwa vipande ndani ya masanduku, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikaunganishwa hapa na kuingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwezi wa Julai mwaka 1916, waliposhindwa, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini zimesalimika, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Wale mafundi hawakujua nani angeifaidi grisi ile. Waliipaka tu, kwa sababu ndiyo iliyostahili injini. Niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki miaka ishirini, na kila mara nikifika kwenye grisi sauti yangu ilikuwa ikipungua, nao hawakujua kwa nini.

Nilistaafu mwaka 2011, wakati dunia ya pikipiki ilikuwa imeshabadilika mbele ya macho yetu. Kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa malipo, na bodaboda, neno lililotoka mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda enzi za baiskeli, likaingia hadi vichochoroni Ujiji. Pikipiki hizo zote zilikuwa za mipigo minne. Nyingi za Kichina za mwanzo zilibeba injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG 125 ya mwaka 1976, ambayo Wajapani waliiunda makusudi kwa nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na kusahauliwa matengenezo. Vali zake husukumwa na vijiti badala ya mnyororo, ili kuwe na vichache vya kulegea. Huko Ulaya na Asia sheria za moshi nazo ziliiondoa tustroki barabarani. Ilibaki ziwani tu: ukienda Kibirizi asubuhi, mashine nyingi za boti zinazokwenda vijiji vya kaskazini bado zinakunywa petroli iliyochanganywa oili, kwa sababu fundi anaweza kuifungua mchangani na kuifunga kabla jua halijawa kali.

Mjukuu wangu aliposikia nachagua, alinionyesha kwenye simu yake picha za motokrosi za Uganda na Kenya, vijana wakiruka vilima vya udongo mwekundu kama wetu. Akaniambia hata wazee wa Ulaya na Marekani wanaoendelea na mchezo huo hubishana juu ya swali langu. Hoja zao nilizielewa mara moja. Wa mipigo miwili husema: ni nyepesi kuinua, na ikiharibika pistoni na ringi hubadilishwa kwa gharama ndogo, ilhali ya mipigo minne ya mashindano vali zikigonga pistoni unanunua nusu ya injini. Wa mipigo minne husema: nguvu yake huja taratibu tangu chini, haimrushi mtu, haichoshi mikono, na mteremkoni injini yenyewe hushika breki. Yamaha na KTM ya Austria bado wanatengeneza zote mbili, maana yake ubishi haujaisha.

Nikaamua nisisikilize wa Ulaya wala mjukuu. Nilizipanda zote mbili kutoka hapa hadi Ujiji, kwenye miembe ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na kurudi.

Siku ya Yamaha ilikuwa siku ya furaha. Kiki ilishika mara ya tatu, moshi ukatoka, harufu ile ikanirudisha nilikotoka. Lakini kiti kiko juu, na kuvusha mguu juu yake nililazimika kusimama kwenye ngazi ya baraza. Nguvu yake hulala, hulala, kisha huamka yote kwa pamoja, na mkono wangu hauendi tena kwa kasi hiyo. Hata hivyo niliporudi nilikuwa nimeshaamua kuibakiza. Nilijiambia, mzee huhitaji chombo chepesi, na hiki ni chepesi.

Kesho yake nilikwenda kituo cha mafuta. Kijana alitia lita tano, nikalipa, nikasukuma pembeni. Nikasimama. Nimetia oili au sijatia? Chupa ya dawa ilikuwa mkononi, tupu. Ilikuwa tupu kwa sababu nimeimimina sasa hivi, au niliileta tupu kutoka nyumbani? Nilifungua tangi nikanusa, nikachovya kijiti, nikatazama rangi. Nilisimama pale muda mrefu mpaka kijana akaja kuniuliza, "Babu, unaumwa?" Sikuumwa. Nilikuwa nimeona jambo ambalo uzito na wepesi haviwezi kulijibu. Mashine hii humtaka mtu akumbuke kila mara, kwa mkono wake mwenyewe, na kosa moja hulipwa siku hiyo hiyo. Nilipokuwa na kumbukumbu timamu nilikosa uaminifu. Sasa uaminifu upo, kumbukumbu inakwenda.

Nikachagua Boxer. Ni nzito kidogo kwa kuinua, lakini kiti kiko chini, nabonyeza kitufe inawaka, na mteremkoni nikifunga mafuta hunishika bila kuona kiu. Oili yake iko ndani, inaningoja nisahau siku mbili tatu. Ila nawaonya wazee wenzangu, na vijana wa bodaboda pia: usamehevu wa mipigo minne una udanganyifu wake. Haitoi moshi wa kukukumbusha wala hailalamiki mapema. Oili huisha kimya kimya, na siku inapolia ni siku ya kununua injini. Kwa hiyo kalenda ya ukutani kwangu ina alama ya wino mwekundu kila Jumamosi, na Jumamosi naangalia oili kabla ya chai. Mtu asiyeiamini kumbukumbu yake aiandike ukutani, na asione aibu.

Yamaha iliuzwa kwa kijana fundi, ambaye alinusa tangi kabla hata ya kuuliza bei, nikajua imepata mwenyewe. Kabla sijampa niliweka ile chupa ya dawa chini ya kiti na kumweleza: mbili kwa lita tano, na mteremkoni usiifunge mafuta moja kwa moja.

Safari yangu ya kwanza ya mbali na Boxer ilikuwa barabara ya Manyovu, kwa mwenzangu. Yeye naye amestaafu, anaishi karibu na mteremko ule ule. Tulikula ndizi, tukazungumza ya wajukuu. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kuhusu chupa moja badala ya mbili, na oili ya lori, na pesa iliyokuwa mfukoni. Nilizungumza nikitazama mguu wake, maana uso sikuweza.

Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mwalimu, siku ile nani alikaa nyuma?"

"Wewe."

"Basi moshi wote niliuvuta mimi. Ile haikuwa harufu ya oili ya tustroki. Nilijua kabla hatujafika kwenye mazishi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Akasema mwaka wa kwanza alingoja nimwambie mwenyewe, na wa pili pia. Baadaye aliona kwamba akilisema yeye nitamwomba radhi kwa sababu nimekamatwa, na radhi ya namna hiyo hakuitaka. Halafu akaniuliza, "Na yale mabati, yanavuja?"

"Hayavuji," nikamwambia.

"Haya. Angalau kitu kimoja hakivuji."

Jua lilipoanza kushuka aliniambia niondoke kabla ya giza, maana macho ya wazee usiku si ya kutegemea. Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki akichechemea, fimbo mkononi. Haikuwa Jumamosi, lakini niliinama mbele yake nikaangalia oili. Ilikuwa imejaa.